Chai ya maziwa kwenye sufuria ya kuku

Swali: Assalamu alaikum. Mimi ni mwenyeji wa Mombasa, kwa sasa nipo New Jersey, Marekani, namtunza mama wa Kiyahudi mwenye miaka 84. Wiki iliyopita baridi ilinishika, nikajichemshia chai ya maziwa na tangawizi kwenye sufuria ndogo niliyoikuta jikoni. Mama alipoona alishika kichwa. Jioni mwanawe akaja, akaitia sufuria kwenye mfuko akaondoka nayo bila kunieleza kitu. Na nilikuwa nimeiosha kwa sabuni mara mbili! Tangu siku hiyo najiona kama najisi ndani ya nyumba ile. Naomba unieleze hawa watu wanakula nini na hawali nini. Naweza kumpikia vyakula vyetu? Na mimi Mwislamu, nyama yao naweza kula?

Jibu: Wa alaikum salaam, dada yangu. Pole kwa baridi na pole zaidi kwa hilo neno najisi, maana ndilo lililonifanya nikujibu mapema. Nimepika katika majiko ya Kiyahudi miaka 11, nami nilianza kwa kosa linalofanana na lako. Kwa hiyo tuanze na sufuria.

Karibu nina hakika kwamba sufuria ile ilikuwa ya nyama, pengine ya supu ya kuku. Kwa sheria zao, chombo kinachopata moto hunywa ladha ya kilichopikwa ndani yake, kisha huitema ladha hiyo katika chakula kinachofuata. Mtu wa pwani hahitaji kuelezwa sana hapo. Chungu kilichopikiwa papa, hata ukisugue kwa majivu na ndimu, ukichemshia maziwa kitakuumbua. Wao wameligeuza jambo hilo kuwa sheria ya dini: sufuria ya nyama ikichemshiwa maziwa, nyama na maziwa vimekutana. Sabuni yako mara mbili iliondoa uchafu, nao hawakuwa wakilalamikia uchafu. Ungekuwa Myahudi, tena binti yake wa kumzaa, ukapika chai ileile kwenye sufuria ileile, mama angeshika kichwa vilevile.

Na huenda sufuria haikutupwa. Mara nyingi familia humpigia simu rabi wao, yaani mwanazuoni wao wa dini, naye atauliza maswali ambayo wewe ndiye mwenye majibu yake. Nyama ilipikwa humo mara ya mwisho lini? Ikiwa saa 24 zimepita, ladha iliyonywewa huhesabiwa kuwa imeharibika, na hukumu ya chai yenyewe huwa nyepesi. Maziwa yalipata moto au yalikuwa baridi? Yalikuwa kiasi gani? Ulitia tangawizi? Usishangae kuulizwa hilo la mwisho: vitu vikali kama kitunguu, kitunguu saumu, pilipili na limau vina hukumu yao, kwa kuwa huamsha ladha iliyolala ndani ya chuma, na wako wanaoihesabu tangawizi pamoja navyo. Sufuria ya chuma huweza kurudishwa katika hali ya kufaa: huachwa siku nzima bila kutumika, kisha huzamishwa katika maji yanayotokota. Chungu cha udongo ndicho kisichorudishika. Ukifungua Walawi 6:28 utaona kwamba tangu zamani chombo cha udongo kilivunjwa, na cha shaba kikasuguliwa na kuoshwa.

Kwa hiyo sheria yako ya kwanza katika nyumba ile ni hii: ukikosea, usioshe, usifiche, usitupe. Zima moto, acha kila kitu kilipo, mwite mama au mwanawe. Tone la maziwa likiruka likaangukia sufuria kubwa ya mchuzi wa nyama, rabi hupima: ikiwa mchuzi ni zaidi ya mara 60 ya tone lile, chakula kinaliwa. Lakini akikuta umeshaosha na kupanga vyombo kabatini, hana tena cha kupima, na hapo ndipo vitu hutupwa kweli.

Chanzo cha haya yote ni mstari mmoja unaorudiwa mara 3 katika Torati: usimtokose mwana-mbuzi katika maziwa ya mama yake. Uko Kutoka 23 na 34, na Kumbukumbu 14. Wanazuoni wao wakasema hazirudiwi bure: moja ni katazo la kupika, moja la kula, moja la kunufaika. Utauliza, kuku naye ana maziwa gani? Swali hilo lina umri mkubwa. Talmudi, kitabu chao kikuu cha mijadala ya sheria, inasimulia kwamba katika mji wa Rabi Yose wa Galilaya watu walikuwa wakila kuku kwa maziwa. Wanazuoni wengine wakaona kwamba mtu akizoea kuku kwa maziwa atafika kwa mbuzi kwa maziwa, wakafunga mlango, na leo kuku ni nyama.

Hivyo jiko lao lina makundi matatu. Vya nyama, ambavyo mama huenda anaviita "fleishig". Vya maziwa, "milchig". Na visivyo upande wowote, "pareve": mayai, samaki, matunda, mboga, nafaka, mafuta ya mimea. Vyombo vya nyama na vya maziwa havichanganywi, iwe sufuria, visu, sahani au sifongo za kuoshea. Nyumba nyingi hutia alama nyekundu kwa nyama, buluu kwa maziwa na kijani kwa pareve, lakini usikisie; muulize mama akuonyeshe kabati moja baada ya jingine. Baada ya kula nyama wanasubiri kabla ya kugusa maziwa. Wengi husubiri saa 6, wenye asili ya Ujerumani saa 3, na wenye asili ya Uholanzi saa 1. Kutoka maziwa kwenda nyama subira ni fupi, huosha kinywa na mikono, isipokuwa kwa jibini ngumu iliyokomaa. Kwa mtu wetu anayemaliza biriani akavuta kikombe cha chai ya maziwa, hili ni zito. Mwekee mama chai ya rangi na hutakosea.

Hapo kwenye visu nataka ukae kidogo, kwa sababu ndipo Mswahili anapoteleza. Ukikata tango au nyanya kwa kisu safi cha nyama, jambo ni dogo. Ukikata kitunguu maji kwa kisu hicho, kitunguu chote kimekuwa cha nyama, hata kama kila kitu ni baridi, kwa sababu ya ule ukali pamoja na mkandamizo wa kisu. Kachumbari hiyo haiwezi kuliwa na mtindi. Na sisi kitu gani tunapika bila kitunguu? Mimi nilimwomba msimamizi wa jiko kisu, ubao na kinu vya pareve kwa ajili ya vitunguu, saumu na pilipili peke yake. Fanya hivyo, utaokoa nusu ya maswali.

Sasa vyakula vyetu. Nikuambie kwa moyo mkunjufu kwamba mapishi ya pwani ni miongoni mwa yanayoingia kirahisi katika jiko la kosheri, yaani linalofuata sheria hizi, na sababu yake ni nazi. Tui halina uhusiano wowote na mnyama. Wali wa nazi, maharage ya nazi, kuku wa kupaka: vyote hivi mama anaweza kuvila pamoja na nyama. Nilipopika kuku wa kupaka mara ya kwanza, msimamizi aliangalia ule mchuzi mweupe akaniuliza taratibu kama nina wazimu. Nikamwonyesha kifuu. Akacheka, kisha akanifundisha jambo ambalo silisahau: katika karne ya 16 mwanazuoni wa Kraków, Moses Isserles, aliandika kwamba anayepika nyama kwa maziwa ya lozi aweke lozi kando yake mezani, ili anayetazama asidhani ni maziwa ya ng'ombe. Tangu siku hiyo kuku wangu wa kupaka hutoka na vipande vya nazi pembeni ya sahani. Ukinunua tui la kopo soma viungo, maana mengine hutiwa kitu kinachotokana na maziwa.

Ugali ni unga na maji, hauna tatizo. Chapati usipake samli, kwa sababu samli ni maziwa, tumia mafuta. Mkate nao una sheria yake: wanazuoni walikataza mkate wa kawaida kukandwa kwa maziwa, kwa kuwa mkate huliwa na kila kitu na mtu atajisahau aule na nyama. Mahamri yaliyokandwa kwa tui hayaingii katika katazo hilo. Unga uchekeche na maharage uyachambue, kwa sababu fukusi na viwavi ni haramu kwao, na wanalichukulia kwa uzito kuliko watu wanavyodhani. Kwa sukuma wiki na mchicha, osha jani moja moja, kisha uliinue mbele ya taa ulitazame pande zote mbili. Kolifulawa na brokoli ni ngumu zaidi. Familia nyingi hununua zilizokaguliwa tayari.

Mayai kila moja livunje kwanza kwenye bilauri, uigeuze kwenye mwanga uone kama kuna nukta ya damu. Ikiwepo, yai lile linatupwa. Damu kwao ni katazo kubwa: nyama hulowekwa nusu saa, hutiwa chumvi nene saa nzima kwenye ubao ulioinama ili damu ichuruzike, kisha husuuzwa mara 3. Nyama ya bucha la kosheri kwa kawaida imeshafanyiwa hivyo. Maini ndiyo hayatoshelezwi na chumvi; lazima yachomwe juu ya moto wazi kwanza. Usiyakaange mabichi kwa kitunguu kama tunavyofanya kwetu.

Wanyama wenyewe: anayefaa ni mwenye kwato zilizopasuka na anayecheua, yaani ng'ombe, mbuzi, kondoo, swala. Nguruwe ana kwato zilizopasuka lakini hacheui. Ngamia anacheua, lakini kwato zake hazikidhi sharti, na hapo mnaachana, kwani kwako ngamia ni halali. Na kinachotoka kwa asiyefaa hakifai, kwa hiyo maziwa ya ngamia na mayai ya mbuni hapana. Asali imeruhusiwa ingawa nyuki mwenyewe haliwi, kwa hoja kwamba nyuki huichukua kutoka kwenye maua na kuihifadhi tu, haitokani na mwili wake.

Samaki lazima awe na mapezi na magamba, na gamba litoke bila kuchana ngozi. Changu, kolekole, sato na sangara wanafaa. Kambare, mkunga na papa hapana, wala pweza, ngisi, kamba na kaa. Usinunue minofu iliyochunwa ngozi katika duka lolote tu, maana gamba ndilo ushahidi. Samaki hana haja ya kuchinjwa na huliwa na pareve yoyote, ila wengi hawamweki sahani moja na nyama. Badili sahani na uma, inatosha.

Je, unaweza kumpikia? Hapa sitakuficha, kwa sababu yapo makatazo mawili yanayomhusu asiye Myahudi, na ni heri uyasikie kutoka kwangu. La kwanza ni divai, hata juisi ya zabibu: ile isiyochemshwa, ikiguswa au kumiminwa na asiye Myahudi, hawainywi. Asili yake ni hofu ya divai iliyomiminiwa sanamu, na hofu ya vinywaji kuleta kuoana nje ya dini. Wewe divai huigusi kwa dini yako, na juisi mwachie mwenyewe amimine. La pili ni upishi. Chakula cha heshima kisicholiwa kibichi hakitakiwi kupikwa na mkono wa nje peke yake. Lakini lina njia nyepesi. Kwa Wayahudi wenye asili ya Ulaya inatosha Myahudi awashe moto, mengine yote upike wewe. Wenye asili ya Mashariki ya Kati na Afrika ya Kaskazini hutaka Myahudi aibandike sufuria pia.

Mzee mmoja niliyekuwa nikimpikia alikuja jikoni kila asubuhi na bakora yake, mkono unatetemeka, anazungusha kitufe mpaka moto uwake buluu, anautazama kidogo, kisha anasema "haya" kwa lugha yake na kurudi kitini. Hakuwahi kukosa. Mimi nikaacha kuona kwamba ananichunga, nikaanza kumsubiri. Mwombe mama naye akuwashie. Kwa mtu wa miaka 84 anayefanyiwa kila kitu, kuna raha katika kuwa na moto ambao hauwaki bila yeye.

Dukani utafuata alama. Iliyoenea Marekani ni herufi U ndani ya duara, ya umoja wa masinagogi uitwao Orthodox Union; moja ya bidhaa zake za kwanza ilikuwa maharage ya kopo ya Heinz, mwaka 1923. Kando ya alama ukiona D, kuna maziwa. Ukiona P, usidhani ni pareve: P ni Pasaka ya Kiyahudi. Na kwa nini wanahangaika na alama hata kwa kitu kama soda? Katika miaka ya 1930 rabi wa Atlanta, Tobias Geffen, aliulizwa kuhusu Coca-Cola. Kampuni ikamwonyesha viungo kwa sharti la kutunza siri. Akakuta gliserini ya mafuta ya mnyama, kidogo mno, chini sana ya ile moja kwa 60. Akasema haitoshi: kanuni ya 60 ni ya ajali, na kilichotiwa kwa makusudi hakihesabiwi kupotea. Kampuni ikabadili ikatumia gliserini ya mimea, naye akaandika ruhusa mwaka 1935. Ndiyo maana nakusisitiza useme ukweli kuhusu ajali zako. Sheria ina huruma nyingi kwa ajali, kwa makusudi haina.

Nyama yao kwako: aya ya 5 ya Al-Maida inasema chakula cha waliopewa Kitabu ni halali kwenu, na wanazuoni wengi huitumia kwa nyama ya kosheri. Kisu chao hukaguliwa kwa ukucha kisiwe na pengo hata la unywele, na mapafu ya mnyama hupapaswa kutafuta kasoro. Wapo wanaohoji kwamba mchinjaji wao husoma baraka mara moja mwanzoni mwa kazi, si kwa kila mnyama. Hilo muulize sheikh unayemwamini. Cha kuangalia zaidi ni mchuzi, kwa kuwa divai ya kosheri hutiwa kwenye nyama. Upande wa pili mlango umefungwa: kuku wa bucha la halali kwao hafai, kwa hiyo usimlete katika sufuria zake. Chakula chako ukile kwenye sahani za karatasi, na usikitie katika maikrowevu yao.

Sabato hawapiki. Ijumaa kabla ya jua kuzama hubandikwa chungu cha maharage, shayiri, viazi na nyama, kikae juu ya moto mdogo mpaka mchana wa Jumamosi. Usikoroge wala usiongeze moto kwa kumwonea mama huruma. Lakini sukari ikimshuka, au akihitaji chakula kwa dawa, usisubiri sheria wala simu ya mtu: kuokoa uhai kwao kunavunja Sabato na hata mfungo wao mkubwa wa mwaka.

Pasaka ina mlango wake. Siku 8 nje ya Israeli haliwi wala kuwekwa ndani chochote kilichoumuka cha ngano, shayiri na ndugu zao. Mkate wake hukandwa na kuokwa ndani ya dakika 18. Wenye asili ya Ulaya kwa desturi huacha pia mchele, mahindi na maharage, hivyo ugali unapumzika, ilhali Wayahudi wengi wa Mashariki ya Kati hula wali wiki hiyo. Usiingie na hata andazi moja kwenye mkoba.

Sasa zungumza na mwanawe. Mwambie: "Sikujua sufuria ile ni ya nyama. Nilichemsha maziwa na tangawizi. Naomba unionyeshe vyombo na unipe sufuria moja ya chai." Usianze kwa kujitetea, na usimwombe msamaha kana kwamba umeiba. Ikiwa atakununulia sufuria mpya na ikachelewa siku mbili tatu kufika jikoni, usiwaze vibaya: chombo kipya cha chuma kikinunuliwa na Myahudi huzamishwa kwanza kwenye birika la maji ya mvua au chemchemi, kikasomewa baraka, ndipo kitumike. Ikifika, funga uzi wa buluu kwenye mkono wake.